Habib Saleh: Sharifu wa Ngazidja aliyejenga Msikiti wa Riyadha, Lamu

Mfungo Sita unapoingia, hapa Kasingirima, kama ilivyo Ujiji yote na mitaa mingine ya Manispaa ya Kigoma Ujiji, maulidi husomwa misikitini, madrasani na majumbani. Wengi wetu tuliyakuta yakisomwa na wazee wetu, nao waliyakuta kwa wazee wao. Tunajua pia kwamba Uislamu ulifika huku ziwani kwa miguu, pamoja na misafara iliyotoka Bagamoyo na Pangani, ikapita Tabora na kuishia Ujiji. Lakini misafara hiyo hiyo ilirudi pwani na pembe za ndovu, na ilirudi na watu waliofungwa minyororo.

Hapo ndipo lilipozaliwa swali lililoisumbua jamii ya Waislamu wa Afrika Mashariki kwa miaka mingi. Mtu aliyenunuliwa sokoni, akasilimu, akajifunza kusali: je, ana haki ya kukaa kwenye darsa pamoja na mwana wa bwana wake? Nani atamfundisha, na atafundishwa kwa kiasi gani?

Leo tunasimulia maisha ya mtu aliyelijibu swali hilo kwa vitendo, katika mji wa kisiwani ambako nasaba ilikuwa na uzito kuliko mali. Ni Sayyid Saleh bin Alawi Jamalulleil, anayejulikana zaidi kwa jina la Habib Saleh, mwanzilishi wa Msikiti wa Riyadha wa Lamu, nchini Kenya. Baadaye tutarudi huku ziwani, kwa sababu swali la Lamu lilikuwa pia swali letu.

Habib Saleh alikuwa nani?

Alizaliwa Ngazidja, kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Komoro, katikati ya karne ya 19. Mwaka 1871, Stanley alipomkuta Livingstone Ujiji, yeye alikuwa bado kijana.

Ukoo wake wa Jamalulleil ni wa masharifu, yaani watu wanaohesabiwa kuwa wa kizazi cha Mtume Muhammad. Wazee wao walitoka Hadhramaut, kusini mwa Yemen ya leo, wakahamia Pate, kisiwa kilicho jirani na Lamu. Kutoka Pate, tawi moja la ukoo likaenda Komoro. Kwa hiyo Saleh alipokuja Lamu hakuwa mgeni kabisa. Alikuwa anarudi karibu na mahali walipokaa wazee wake. Neno Habib, lenye maana ya mpendwa, ni heshima wanayopewa masharifu wa Hadhramaut, na kwa jina hilo ndivyo watu wa Lamu walivyomjua.

Alifikia kwa ami yake, Sayyid Ali bin Abdallah, ambaye alikuwa amekwisha kufanya maskani Lamu. Akasoma kwa wanazuoni wa mji, akaoa, akakaa. Lamu ya zama hizo ilikuwa na wanazuoni waliosifika pwani nzima, akiwamo Sayyid Mansab bin Abdurrahman, mshairi mkubwa wa tenzi za dini. Kijana mwenye akili na nasaba kama Saleh angeweza kuingia katika kundi hilo, akapewa heshima yake na kuishi maisha ya utulivu mpaka mwisho wake. Njia aliyoichagua ilikuwa nyingine.

Lamu aliyoikuta ilikuwaje?

Ili kufahamu uzito wa alichokifanya, inafaa tuuone mji wenyewe. Lamu ni mji wa nyumba za mawe zilizobanana, zenye vichochoro ambavyo punda wawili hupishana kwa shida. Tangu vita vya Shela, kiasi cha mwaka 1812, Lamu ilikuwa chini ya himaya ya masultani wa ukoo wa Busaidi, waliotawala Oman na kisha Zanzibar. Karne ya 19 ilikuwa ya neema kwa wenye mali. Upande wa bara, mkabala na kisiwa, yalikuwapo mashamba ya mtama, ufuta na nafaka nyingine. Majahazi yalipakia mazao hayo pamoja na boriti za mikoko na kuyapeleka Uarabuni.

Waliolima mashamba hayo walikuwa watumwa. Wengi wao waliletwa kutoka kusini, kwa njia ya Kilwa na Unguja.

Mjini, watu walijigawa kwa tabaka. Juu walikuwapo masharifu na waungwana wa koo kongwe, waliokaa zaidi upande wa Mkomani, kwenye majumba ya mawe yenye zidaka na milango ya kuchonga. Upande wa kusini, Langoni, walikaa wageni waliohamia karibuni: Wahadhrami wafanyabiashara wadogo, Wangazija, Wabajuni. Chini kabisa walikuwa watumwa na wale waliotokana na watumwa.

Mgawanyiko huo ulifika hadi kwenye elimu. Mtumwa alisilimishwa, akafundishwa sura chache za kusalia na namna ya kutawadha. Elimu yenyewe, ile ya fiqhi, lugha ya Kiarabu na tafsiri ya Kurani, ilikuwa mali ya waungwana. Ilirithiwa kama nyumba inavyorithiwa. Kufundisha ovyo kulionekana ni kuvunja mpaka uliowekwa na wazee. Mwanachuoni aliyejitia kufundisha watumwa alijishushia hadhi yake mwenyewe.

Alianzaje kufundisha?

Habib Saleh alikwenda kukaa na watu wa chini. Aliacha maisha ya majumba ya mawe, akafanya makazi yake ukingoni mwa mji upande wa Langoni, mahali penye mchanga na vibanda vya makuti. Huko ndiko walikokaa watumwa, walioachwa huru na maskini wengine. Alikuwa na ujuzi wa tiba, na watu waliokuwa wagonjwa walimwendea. Mtu akija kutafuta dawa, alipata na mazungumzo. Mazungumzo yakawa darsa.

Hatupaswi kulichukulia jambo hili kwa wepesi. Angekuwa mtu asiye na nasaba, waungwana wangempuuza au wangemfukuza. Lakini huyu alikuwa sharifu, tena mwenye elimu. Heshima aliyopewa na mji kwa sababu ya ukoo wake ndiyo iliyompa nafasi ya kwenda kinyume na desturi za mji huo. Waliomkosoa walikuwa na kazi ngumu: walifundishwa tangu utotoni kumbusu mkono sharifu, na sasa sharifu mwenyewe alikuwa ameketi mkekani na watu wasiobusiwa mkono na mtu yeyote.

Wakati nao ulikuwa unageuka. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alilazimishwa na Waingereza kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini. Mwaka 1895 mwambao wa Kenya uliingia chini ya himaya ya Uingereza, ingawa bendera ya Sultani iliendelea kupepea. Mwaka 1907 utumwa wenyewe ulifutwa kisheria katika mwambao huo. Mashamba ya bara yalipoteza mikono iliyoyalima. Reli ya Uganda, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ilivuta biashara kwenda huko, na Lamu ikabaki pembeni. Matajiri wa jana walianza kuuza mali zao.

Watu waliotoka utumwani walipata uhuru wa karatasi, lakini walihitaji kitu kingine. Walihitaji mahali pa kuhesabiwa kuwa watu na kuhesabiwa kuwa Waislamu kamili. Serikali haikuwa na kitu hicho cha kuwapa. Waungwana walikuwa nacho na hawakutaka kukitoa.

Msikiti wa Riyadha ulijengwa vipi?

Lamu haikuwa na upungufu wa misikiti. Ilikuwa nayo tele, mingine ya karne nyingi, na kila mtaa ulikuwa na wake. Kwa hiyo msikiti mpya haukujengwa kwa sababu watu walikosa pa kusalia. Ulijengwa kwa sababu palihitajika mahali pa kusomea ambapo mtu hakuulizwa kwanza baba yake ni nani.

Kazi ilianza kidogo kidogo katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, kwa darsa na makazi ya wanafunzi. Msikiti wenyewe ulisimama kiasi cha mwaka 1900, ukingoni mwa Langoni, si katikati ya mji wa mawe. Mahali hapo palisema mengi. Mtu wa Mkomani aliyetaka kumsikiliza Habib Saleh ilimbidi atoke kwenye mtaa wake, apite Langoni na kuingia upande ambao wazazi wake walimkataza kwenda kucheza.

Jina la Riyadha, lenye maana ya mabustani, lilitoka ng'ambo ya bahari. Katika mji wa Seiyun, Hadhramaut, mwanachuoni mkubwa Habib Ali bin Muhammad al-Habshi, aliyefariki mwaka 1915, alikuwa na msikiti wenye jina hilo pamoja na ribati. Ribati ni chuo ambacho mwanafunzi anakaa, anakula na kusoma, bila kutegemea awe na jamaa mjini. Ribati zilikuwa jambo jipya hata huko Hadhramaut. Kabla yake elimu ya ngazi ya juu ilipatikana zaidi nyumbani kwa mwalimu, na aliyepokewa nyumbani kwa mwalimu mara nyingi alikuwa mwana wa mtu anayejulikana.

Habib Saleh aliuchukua mfano huo na kuupanda Lamu. Kwake ulipata maana kubwa zaidi. Mtoto wa Kibajuni kutoka visiwa vya kaskazini, kijana wa Kingazija, Mpokomo wa Mto Tana aliyesilimu, au mtoto wa aliyekuwa mtumwa, wote waliweza kuja, wakapata mkeka wa kulalia na mwalimu wa kuwasomesha. Kitabu kilisomwa kwa Kiarabu na kuelezwa kwa Kiswahili, na kila aliyeketi alielewa.

Msikiti haukusimama peke yake. Ulikuwa sehemu ya mtandao wa masharifu na wanazuoni wa Lamu, Zanzibar, Komoro na Hadhramaut, waliotumiana barua, vitabu na wanafunzi. Zanzibar alikuwapo Sayyid Ahmad bin Sumait, kadhi aliyejulikana kote pwani. Alikuwapo pia Sheikh Abdallah Bakathir, mzaliwa wa Lamu aliyefungua madrasa yake mjini Unguja. Wote wawili walifariki mwaka 1925. Riyadha ilikuwa kijumba cha ukingoni kwa mtu wa Mkomani, lakini kwa watu wa bahari ilikuwa kituo kinachojulikana.

Mzozo wa matari

Jambo lililowagawa watu wa Lamu zaidi lilikuwa maulidi.

Maulidi yalikuwapo Lamu tangu zamani. Waungwana waliyasoma kwa utulivu, hasa Barzanji, kwa Kiarabu, wakiwa wameketi kwa mpangilio wa heshima zao. Mtumwa alikuwapo pia, lakini kazi yake ilikuwa kupika na kumimina kahawa.

Habib Saleh alileta maulidi yaliyotungwa na Habib Ali wa Seiyun, yanayojulikana kama Maulidi ya Habshi au Simtu Durar. Yalisomwa kwa matari, kwa sauti za kupokezana, na watu waliyumba pamoja kwa mahadhi. Yalisomwa hata msikitini. Watu waliozoea ngoma za mashambani waliona kwa mara ya kwanza kwamba mikono yao na sauti zao zina kazi katika kumsifu Mtume.

Wanazuoni kadhaa walipinga. Kwao, kupiga tari msikitini kulikuwa ni kuvunja adabu ya nyumba ya ibada. Hoja hiyo ilikuwa na uzito wa kielimu na hatuwezi kuipuuza, kwani mjadala wake haujaisha mpaka leo katika nchi nyingi za Kiislamu. Lakini ndani ya Lamu mzozo ulikuwa pia juu ya jambo lisilotajwa waziwazi. Tari lilikuwa limekuja na watu waliolipiga. Kulikubali msikitini kulikuwa ni kuwakubali wao.

Habib Saleh hakurudi nyuma. Polepole, watu wa Langoni walijiunga naye, kisha vijana wa koo kongwe wakaanza kuja, kwanza kwa kujificha, baadaye kwa wazi. Katika miaka ya 1930, Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa alipochapisha magazeti yake ya Sahifa na al-Islah, mjadala kuhusu uzushi katika dini uliwaka upya pwani nzima. Kufikia wakati huo Riyadha ilikuwa imekwisha kuota mizizi.

Na huku ziwani?

Hapa ndipo tunaporudi kwetu. Ujiji nao ulikuwa mji wa biashara uliojaa watu walioletwa au waliokimbia. Watu wa Manyema, ng'ambo ya ziwa, walivuka kwa mitumbwi wakiwa mateka, wapagazi au wafuasi wa wafanyabiashara. Wengi walikaa hapa, wakasilimu, wakakifanya Kiswahili kuwa lugha yao. Wengine walipelekwa mpaka pwani.

Mmoja wa waliopelekwa alikuwa mtoto wa Kimanyema aliyefikishwa Bagamoyo akiwa mtumwa wa ukoo wa Kiarabu. Alipata uhuru, akasoma, akawa Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu kwa jina la Sheikh Ramiya. Aliongoza tarika ya Kadiria mjini Bagamoyo mpaka alipofariki mwaka 1931, na wafuasi wake walitapakaa kwenye njia ile ile ya misafara, hadi huku ziwani. Mtu aliyepelekwa pwani kama bidhaa alirudisha bara elimu.

Sheikh Ramiya na Habib Saleh waliishi zama moja, wakifuata tarika tofauti. Mmoja alikuwa sharifu aliyeshuka kwenda kwa watumwa, na mwingine alikuwa mtumwa aliyepanda mpaka akawafundisha waungwana. Tunawataja pamoja kwa sababu wanatuonesha kwamba mlango wa elimu ulisukumwa kutoka pande zote mbili. Tanganyika, ambako utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1922 tu, tarika na madrasa zilikuwa zimekwisha kuanza kazi hiyo kabla sheria haijafika.

Nini kilibadilika, na nini hakikubadilika?

Habib Saleh alifariki Lamu mwaka 1935. Aliacha msikiti uliojaa, chuo chenye wanafunzi kutoka mbali, na watoto waliorithi kazi yake, akiwamo Sayyid Ahmed Badawi. Wanafunzi waliotoka Riyadha walikwenda kufungua madrasa katika miji na vijiji vya pwani na bara, na baadhi yao walifundisha watu ambao Uislamu ulikuwa bado mgeni kwao.

Lakini haitakuwa haki kusema kwamba alifuta tabaka. Hakufuta. Heshima ya nasaba haikuondoka Lamu. Kwa namna fulani iliongezeka, maana wajukuu wa mwanzilishi wa Riyadha nao wakawa wakubwa wa mji. Mwana wa mtumwa aliweza kusoma, akawa mwalimu, akaongoza sala. Kuoa kwa masharifu kulibaki jambo lingine kabisa. Watafiti waliokaa Lamu katikati ya karne ya 20 walikuta watu wakibishana juu ya jambo hilo: kwamba mlango wa msikiti ulifunguliwa, ila mlango wa ndoa ulibaki umefungwa.

Hata hivyo, kilichotokea si kidogo. Mtu anayejua kusoma kitabu hawezi kuambiwa kitabu kinasema nini. Waliokaa darsani Riyadha waliweza kuuliza wenyewe ni wapi palipoandikwa kwamba elimu ni ya ukoo fulani. Hawakupaona.

Habib Saleh anakumbukwaje?

Kila mwaka, mwishoni mwa Mfungo Sita, Lamu hujaa wageni. Wanatoka Mombasa, Malindi, Zanzibar, Bara, Komoro, Uganda na Uarabuni. Vyombo vya majini huleta watu kutoka visiwa vya jirani, na asiyepata nyumba hulala uani kwa mwenyeji asiyemjua. Husomwa Maulidi ya Habshi usiku, matari yakilia karibu na pale pale yalipozozaniwa. Hufanyika mashindano ya majahazi na ya punda. Huwapo zefe, yaani maandamano ya kasida, na watu huzuru kaburi la Habib Saleh.

Tangu mwaka 2001, Mji Mkongwe wa Lamu umo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia, na sherehe hizi ni sehemu ya yale yanayoupa mji uhai. Riyadha ina pia hazina nyingine isiyoonekana na wageni wengi: hati za kale zilizoandikwa kwa mkono, ambazo katika miaka ya karibuni zimepigwa picha na kuhifadhiwa kwa njia ya kidijitali ili zisiliwe na mchwa na unyevu wa bahari.

Ukiingia Lamu leo, huhitaji kutoka nje ya mji ili ufike Riyadha. Mji umekua ukaufuata. Nyumba zimeuzunguka msikiti, vibanda vya makuti vimepungua, na ukingo wa zamani umekuwa mtaa kama mitaa mingine.

Sisi wa Kasingirima hatuna sababu ya kuitazama habari hii kama ya watu wa mbali. Wengi wetu ni wajukuu wa watu waliovuka ziwa bila hiari yao, wakafundishwa kusoma na mwalimu ambaye naye alifundishwa na mtu aliyekubali kuketi naye. Mtoto anapotoka madrasa jioni na juzuu kifuani, hakuna anayemuuliza ni wa nani kabla ya kumpa nafasi mkekani. Haikuwa hivyo siku zote.